Kijiti Kwenye Shamba la Songoro

Kwanza tuelewane. Nchi ninayoisema usiitafute kwenye ramani. Waliochora ramani hawakutushirikisha, na sisi kwa hasira tukakataa kuwemo. Pili, mimi si mtu wa wivu. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wataisikia habari hii mpaka mwisho, halafu wataguna, "Mh! Dosa ana kijicho huyo." Sina. Mama yangu hakunizaa na kijicho. Hiki nilichonacho nimekipata ukubwani, na aliyenipa ni Songoro.

Jina langu ni Dosa Mlimbwa. Nilikuwa nalima mahindi shamba namba kumi na mbili, katika Skimu ya Umwagiliaji ya Neema Kuu. Eka mbili, si haba. Visiki vya shamba hilo aliving'oa mke wangu, Bi Mashavu, kwa miezi saba, mimi nikimnolea shoka na kumtia moyo. Siku ya kuandikisha, karani alikuwa na nafasi ya jina moja tu kwenye daftari, basi likaandikwa langu. Sikumwomba. Nilikuwa tu nimesimama mbele.

Katika skimu yetu zilikuwapo sheria nyingi, lakini za kukariri zilikuwa mbili. Ya kwanza: shamba lisilovuna msimu huu linarudi serikalini. Ya pili: mtu akimwagilia bila kibali, shamba lake linarudi serikalini. Yaani ukikosa maji unafukuzwa, na ukijitafutia maji unafukuzwa. Wataalamu waliziita sheria pacha na walizipenda kama watoto wao.

Zamani, kabla ya maendeleo, hatukuwa na kibali wala kipimo. Tulikuwa na mkono wa Bi Mashavu. Anachimba kwa jembe mpaka kina cha kiwiko, anachota udongo, anaufinyanga tonge kama la ugali. Kisha analirusha juu na kulidaka, mara tatu. Likishika, ngoja. Likimeguka, fungua maji. Alifundishwa na mama yake, aliyefundishwa na mama yake, na sikumbuki hata siku moja walipokosea. Nusu ya skimu walikuwa wakipita mlangoni kwetu asubuhi. "Bi Mashavu, tonge linasemaje leo?" Mimi nimekaa hapohapo kwenye kigoda, hakuna aliyeniuliza chochote. Halikunisumbua. Nimelitaja kwa kupita tu.

*

Maendeleo yalianza siku Mtukufu Kiongozi wetu alipotazama ng'ambo ya mto kwa darubini. Huko kuna nchi nyingine, nayo siitaji, maana tukiitaja wanavimba kichwa. Mtukufu aliwaona wakulima wa ng'ambo wakichomeka vijiti vya chuma ardhini, wakisoma namba kwenye kisanduku, ndipo wanafungulia mahindi maji.

"Jirani anapima udongo!" alisema Mtukufu, na akasusia chai kwa siku mbili.

Siku ya tatu ikaundwa Wizara ya Unyevu. Akateuliwa Mheshimiwa Kitwanzi, aliyekuwa Waziri wa Sherehe, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa mambo mengine. Alisimama bungeni akasema, "Waheshimiwa, wenzetu wanapima udongo. Sisi tunapima nini? Tunapima kina cha aibu yetu!" Wabunge wakapiga meza mpaka meza mbili zikavunjika, na ikaundwa kamati ya meza.

Viliagizwa vipimo elfu moja. Lakini Wizara mpya inahitaji jengo, na jengo linahitaji uzio, na uzio unahitaji wimbo wa kuuzindulia. Mambo hayo yote yalipokwisha kushughulikiwa, skimu yetu, yenye mashamba mia mbili, ikapata kipimo kimoja.

Watu wa skimu tukauliza, kwa adabu, kimoja kitatoshaje. Bwana Pachoto, Afisa Unyevu wa Tarafa, kijana wa tai ndefu anayeushika ufunguo wa lango la mfereji, akatusomea jibu la Waziri. "Udongo wetu ni mmoja, kama taifa letu lilivyo moja. Kupima kila shamba kivyake ni kuleta ukabila wa udongo." Tukapiga makofi. Nani atake kuonekana mkabila mbele ya udongo?

Mpango ulikuwa huu. Kijiti kikisoma chini ya arobaini, udongo wa skimu nzima una kiu, Pachoto anafungua lango. Kikisoma arobaini au zaidi, udongo wa skimu nzima umeshiba, lango linabaki na kufuli. Kikachomekwa kwenye shamba la kwanza kando ya barabara, kwa sababu Mheshimiwa alikuja na viatu vyeupe.

Shamba la kwanza kando ya barabara ni la Songoro.

*

Songoro na mimi tuliingia jando siku moja. Yeye alilia, mimi sikulia. Naliweka hili kwa ajili ya kumbukumbu.

Basi mtu huyuhuyu aliyelia jandoni akaamka siku moja ana uzio uliopakwa rangi, na mlinzi wa serikali mwenye kofia, na kiti cha mlinzi, na mwavuli wa kiti. Pakawekwa bango: HAPA NDIPO UDONGO WA TAIFA UNAPOSEMA. Watoto wa shule wakaletwa kwa mstari kukitazama Kijiti. Songoro akapewa cheo, Mwenyeji wa Kijiti, na beji ya cheo, na akaanza kutembea mikono nyuma. Mtu mwenye mikono miwili mizima, anatembea kama vile mikono yake imekwenda likizo!

Na salamu zikabadilika. Unamwambia, "Habari za asubuhi, Songoro?" Anatazama mbali, anakohoa kidogo, anasema:

"Thelathini na tisa."

Ebo! Mimi nimekuuliza habari, wewe unanipa namba? Nikajaribu kumkomesha. Nikamwambia, "Na mimi ni hamsini na moja, mwaka huu nafikisha hamsini na mbili." Akanitazama kwa huruma. Huruma, jamani! Nilikuwa radhi anizabe kofi.

Usiku silali, mchana chakula hakipiti. Roho ikawa inanikereketa kana kwamba nimemeza mwiba wa kambare. Nikamwambia Bi Mashavu, "Mke wangu, si kwamba naona gere. Lakini niambie, udongo wa Songoro una nini ambacho wetu hauna?"

"Una barabara," akasema, huku anachambua maharage.

"Na mimi nina nini?"

"Una njaa ya bure, Baba Kidawa. Kula."

Nikaenda kwa Bwana Pachoto kuomba Kijiti kihamishwe shamba namba kumi na mbili, japo kwa wiki. Akanipa Fomu ya Kustahili Kijiti. Swali la kwanza liliuliza, "Je, shamba lako tayari lina Kijiti? Kama halina, usiendelee." Sikuendelea.

*

Sasa nieleze nilichofanya, na nakieleza kwa moyo mweupe.

Mlinzi wa Kijiti hula saa saba mchana kwa mama lishe wa sokoni, na haharakishi. Siku moja saa hiyo nikapita na ndoo ya maji. Nikaangalia huku, nikaangalia kule, nikaimwaga yote pale shinani mwa Kijiti. Namba zikaanza kupanda palepale: thelathini na nane, arobaini na tano, sitini. Udongo wa taifa zima ukashiba kwa ndoo moja.

Kesho yake Pachoto akaja kusoma. "Sitini!" akasema. "Maji hayafunguliwi." Nikamwona Songoro akimeza mate, mahindi yake yakiwa yameanza kulegea majani. Loo, siku hiyo nilikula sahani mbili.

Nikaenda tena kesho yake, na keshokutwa yake. Kila saa saba, mchana kweupe, ndoo moja. Mahindi ya Songoro yakaanza kujikunja majani kama sigara. Kila nikipita nilikuwa nahesabu mashina yaliyojikunja, na moyo wangu unatulia. Kwamba mahindi yangu nayo yalikuwa yanajikunja, nililiona, ndiyo. Lakini ya Songoro yalikuwa yamejikunja zaidi, na mtu huangalia lile la kumfariji.

Bi Mashavu hakufarijika. Alikuja na udongo mkononi, akaurusha mara moja tu. Haukufika kuwa tonge, ulimwagika kama unga wa muhogo.

"Baba Kidawa, mahindi yanatoa mbelewele. Sasa ndipo yanapotaka maji kuliko siku zote. Yakikosa wiki hizi mbili, tutavuna magunzi. Na tukivuna magunzi unajua shamba linakwenda wapi."

"Kijiti kinasema udongo umeshiba," nikamwambia.

"Kijiti kimeonja wapi udongo wangu?"

"Mke wangu, usilete ukabila."

Akaniangalia. Yale macho yake nayajua, ni macho ya kuchungulia chungu cha mtu mwingine na kukuta hakuna kitu. Akatazama na ndoo yangu, yenye tope bichi kwenye kitako. Akatwaa jembe lake akaelekea mwisho wa shamba, kule mfereji wa serikali unakopita.

Pale mfereji mkuu, usiokauka hata lango likifungwa, unavuja. Umevuja tangu siku ya kuzinduliwa, lakini taarifa rasmi ilikwisha kusema hauvuji, kwa hiyo hapakuwa na fundi aliyeruhusiwa kuuziba. Maji yale yalikuwa yanapotelea kichakani. Bi Mashavu akachimba kijito chembamba, upana wa jembe moja, akayaleta kwenye eka yetu ya chini. Akawa kila baada ya siku kadhaa anachimba mpaka kiwiko, anafinyanga, anarusha. Tonge likishika anaziba kijito kwa kipande cha tofali. Likimeguka anafungua. Maji yalikuwa kidogo, hayakufika eka ya juu, lakini hakupoteza hata kikombe.

Nilijua. Sitasema uongo, nilijua, nikageuza uso. Nilikuwa na shughuli zangu za saa saba.

*

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama sana, lakini nilichokitoa huko mvunguni sicho nilichokitaka. Maana Kijiti kilipofika asilimia tisini na mbili, redio ilitangaza. Skimu ya Neema Kuu sasa ina udongo wenye unyevu bora kuliko udongo wowote unaojulikana, na siri yake ni malezi mema ya Mwenyeji wa Kijiti, Bwana Songoro! Wakamhoji. Akaulizwa anafanyaje. Akasema, "Ninauongelesha."

Anauongelesha! Ndoo nabeba mimi, mgongo unaniuma mimi, anayesifiwa ni yule aliyelia jandoni!

Hapo nikaamua: ndoo basi. Nikikoma, namba itashuka, redio itanyamaza, na Songoro atajulikana alivyo. Hata maji yatafunguliwa, ingawa hilo, niseme kweli, nililikumbuka baadaye. Nikakaa siku nne bila kwenda. Namba haikushuka. Siku ya tano ilisoma tisini na tano.

Nikasema lazima nikaone. Nikaenda saa nne asubuhi, saa ambayo mlinzi hupelekewa chai na huinywa kwa macho yaliyofumbwa. Masalale! Nilikuta foleni. Shamba namba tatu na ndoo, shamba namba tisa na galoni, mzee wa shamba namba arobaini na birika la kutawadhia. Kila mmoja anatazama juu kana kwamba anatafuta mbuzi aliyepotea mawinguni. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Kila mmoja alikuwa amedhani ana roho mbaya peke yake, na ilimuuma kukuta hata hilo si lake pekee.

Na mwisho wa foleni, katika kanzu safi na beji yake, na ndoo ya bati mkononi, alisimama Songoro mwenyewe.

"Na wewe?" nikamwuliza kwa kunong'ona. "Mahindi yako yanakufa, bwana weye!"

"Ikishuka chini ya tisini watakihamishia skimu nyingine," akaninong'oneza. Macho yamemwiva. "Dosa, unadhani mtu anarudije kuwa mtu wa kawaida?"

Nilitamani kumwonea huruma, nikakuta mahali pa huruma pamekwisha kukaliwa na kitu kingine.

*

Mheshimiwa Kitwanzi akaja kutoa nishani. Ulikuwa mwezi wa mavuno, na jua kali. Alikuja na magari kumi na moja, na ngoma, na mgeni maalumu, yaani balozi wa ile nchi ya ng'ambo ya mto, aliyealikwa ili aone wivu. Ilikuwa imeandikwa hivyohivyo kwenye ratiba: saa nne na nusu, Balozi kuona wivu.

Balozi alikuwa mwanamume mfupi, mkimya, mwenye viganja vipana. Alipelekwa kwenye Kijiti. Pale kwenye Kijiti mahindi sita yalikuwa yamesimama, mazito, ya kijani, yenye masuke manene kama mikono ya mtu mzima. Kuanzia hapo mpaka jicho linapokoma, mashamba mia mbili yalikuwa mabua makavu, yanalia wakati upepo unapopita.

"Tisini na sita!" akasema Mheshimiwa, akigonga kisanduku kwa fimbo yake.

"Naona," akasema Balozi. "Na mahindi yamekuwaje?"

Mheshimiwa hakutikisika. "Mahindi haya yana chuki binafsi na serikali. Maji yapo, kama unavyosoma. Yamekataa kuyanywa. Tunayachunguza."

Balozi alikuwa anatazama mbali, mkono juu ya nyusi. "Na kule chini?" akauliza. "Yale ya kijani?"

Kule chini ilikuwa ni eka yetu.

Balozi akaondoka kwa miguu bila kungoja mtu, na Mheshimiwa akamfuata akirukaruka na viatu vyake vyeupe, na ngoma nyuma, na skimu nzima nyuma ya ngoma. Bi Mashavu alikuwa ameinama anaziba kijito kwa tofali lake. Alipowaona akanyooka, akafunga kanga vizuri. Balozi akachota udongo, akaufinyanga, akaurusha mara tatu. Tonge likashika. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Mama yangu alikuwa akifanya hivi," akasema. "Vijiti tumeletewa juzi tu, mama. Hata hivyo tunavichomeka kila shamba, kisha tunauliza mkono kama kijiti kinasema kweli. Hapa nani alipima?"

"Mimi, baba," akasema Bi Mashavu. "Kwa mkono."

Kisha ukaona uso wa Mheshimiwa ukifanya kazi. Kumbe mtu hateuliwi waziri mara mbili bure. Akapaza sauti: "Huyu ndiye mtaalamu wetu! Tulikuwa tunamficha kwa sababu za usalama wa taifa! Mkono wa mama huyu, kuanzia leo, ni kipimo rasmi!" Akageuka, akamvua Songoro nishani aliyokuwa amemvika dakika kumi zilizopita, akamvika Bi Mashavu juu ya kanga. Vigelegele! Chanda chema huvikwa pete, watu wakasema. Wanawake wa skimu wakamzunguka, wakamtandikia kanga akanyage. Pachoto akanong'ona kwamba mavuno ya eka ile yanatosha kuliokoa shamba namba kumi na mbili, shamba pekee la skimu litakalobaki na mwenyewe. Balozi akamwomba amfundishe mtoto wake wa kike.

Nami nilifurahi. Wallahi nilifurahi. Shamba limepona, Songoro amevuliwa nishani mbele ya watu, nini tena? Nikasogea nikasimama ubavuni mwa mke wangu, nikaweka mikono nyuma, nikatabasamu. Mpiga picha akaja na mashine yake. Akatutazama. Akanipungia mkono hivi, kama mtu anayefukuza kuku.

"Mzee, sogea kidogo. Unaziba."

Nikasogea. Akasema, "Zaidi." Nikasogea zaidi, mpaka nikajikuta nimesimama karibu na Songoro, kifua chake kimetobolewa na pini isiyo na nishani. Songoro akanitazama, yule aliyelia jandoni, akasema taratibu:

"Pole, Dosa."

Sijui ni nani aliyesema maneno yaliyofuata. Sauti ilikuwa yangu, lakini mimi si mtu wa namna hiyo, nimekwisha kueleza.

"Mheshimiwa," ile sauti ikasema, "mama huyu amemwagilia bila kibali."

Ngoma zikanyamaza. Bi Mashavu akageuka. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama udongo uliomponyoka kabla haujafika kuwa tonge.

"Ati nini?" akasema Mheshimiwa, kwa sauti ya mtu anayeomba asirudiwe.

Lakini Pachoto alikuwa tayari amefungua kitabu. Siku zote yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa maji, na kumbe skimu nzima ilikuwa na mtu mmoja asiyeuhitaji. Roho yake nayo ilikuwa inakereketa. Akasoma sheria ya pili, kwa ufasaha, mbele ya Balozi na mbele ya redio iliyokuwa inarusha matangazo moja kwa moja. Mheshimiwa akajifuta jasho. Sheria aliitia saini mwenyewe, na taifa zima lilikuwa linasikiliza.

"Sheria ni sheria," akasema, na akaivua nishani kutoka kwenye kanga, taratibu, asiichane.

*

Shamba namba kumi na mbili lilirudi serikalini siku hiyohiyo. Mengine mia moja tisini na tisa yalilifuata wiki ile, kwa sheria ya kwanza, maana pacha hawaachani. Mahindi ya eka ya chini yalivunwa na Wizara, yakapelekwa kwenye maonyesho, yakapewa kibao kisemacho: MATOKEO YA KIJITI. Mfereji uliovuja ukaundiwa kamati. Songoro ameajiriwa kuwa mlinzi wa Kijiti kwenye shamba lililokuwa lake. Amepewa kile kiti na ule mwavuli, na hata kofia.

Siku ya kuondoka Bi Mashavu hakulia wala kunitukana. Alikwenda peke yake mpaka katikati ya eka ya chini, kwenye shimo la kisiki cha mwisho alichong'oa. Akachimba kwa mkono mpaka kiwiko, akafinyanga tonge. Akalirusha mara moja, mbili, tatu. Likashika. Akaja akakifungua kiganja changu, akaliweka ndani, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja juu yake.

"Haya, Baba Kidawa. Shamba lako hilo."

Kisha akajitwika jembe, akashika njia ya mtoni. Balozi alikwisha kumwambia ng'ambo kuna kazi kwa mkono wake. Nasikia anafundisha skimu tatu sasa, na kwamba asubuhi watu hupanga mstari mlangoni kwake. Sijaenda kuona. Nimeambiwa tu, na kila anayenipa habari zake namwuliza mara mbili mstari ni mrefu kiasi gani.

Mimi nimepanga chumba nyuma ya soko. Tonge nimeliweka dirishani. Limekauka, limepasuka upande mmoja, lakini halijameguka. Songoro hupita hapa kila saa saba akienda kula kwa mama lishe, na akifika dirishani hupunguza mwendo.

Analitazama, anapita. Yeye lake hana.